Niliacha Mkate, Nikasahau Bia

Kwa miezi minane, kwa amri ya daktari, sikugusa ngano. Chapati zilipita mbele yangu msibani na harusini, maandazi yalipita kila asubuhi kwenye chumba cha walimu, na mkono wangu ukabaki kwenye kiazi kitamu na kikombe cha chai kavu. Mke wangu alitoa unga wa ngano nyumbani, akaupeleka kwa dada yake. Na kila Ijumaa jioni, vipindi vikiisha, nilikwenda na walimu wenzangu pale Isevya, tukakaa chini ya mwembe, nikaagiza bia mbili za baridi.

Hakuna aliyeniambia nisiagize. Mimi mwenyewe, mwalimu wa baiolojia wa miaka kumi na nne hapa Tabora, sikujiuliza bia inatengenezwa kwa nafaka gani.

Nilianza kuumwa mwaka 2017. Tumbo lilijaa gesi mpaka mkanda ukawa haufungi, kisha kuharisha, siku tatu nafuu, siku tano mbaya. Nilitibiwa taifodi mara nne. Nilimeza dawa za amiba, za minyoo, za vidonda vya tumbo. Kutoka kilo 71 nikashuka hadi 54, na mtu akikonda hivyo mtaani kwetu watu hawaulizi, wanamaliza wenyewe. Nilipima virusi mara tatu, mara zote sina, na bado nilisikia minong'ono dukani. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba katika kipindi hicho jirani mmoja mwema alimshauri mke wangu anipikie uji wa lishe ili nirudishe mwili. Tukanunua ule wa sokoni uliochanganywa tayari: mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga na ngano. Nilikunywa bakuli mbili kwa siku, kwa bidii, nikizidi kudhoofika.

Aliyenifungulia njia alikuwa daktari kijana aliyekuwa hapa kwa muda mfupi. Aliangalia vipimo vyangu vya damu vya miaka miwili, akaona madini ya chuma yako chini kila mara hata nikimeza vidonge. Akasema, "Mwalimu, chuma unachokula hakipiti. Tuangalie ukuta wa utumbo wenyewe." Akanisisitiza jambo ambalo nalirudia kwa kila anayeniuliza: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukiwa bado unakula gluteni, protini iliyo ndani ya ngano. Ukiacha mapema, kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, na majibu yanaweza kukuambia huna kitu.

Nikapanda treni kwenda Dar es Salaam. Walipima damu, kisha wakapitisha kamera mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, wakachukua vinyama vidogo. Jibu: ugonjwa wa siliaki.

Watu wengi huuita aleji ya ngano, na mimi nilianza hivyo. Si aleji. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo mno, mamilioni, ambavyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Mwenye siliaki akila gluteni, kinga yake ya mwili inageuka na kuvishambulia vijidole vyake mwenyewe hadi vinalala bapa kama majani ya mpunga baada ya mafuriko. Chakula kinapita juu, hakiingii. Ni ugonjwa unaohitaji mbegu ya kurithi, jeni ziitwazo HLA-DQ2 au DQ8, na karibu wagonjwa wote wana mojawapo. Duniani hukadiriwa mtu mmoja katika kila mia. Niliposema huu ni ugonjwa wa Wazungu, daktari bingwa alinijibu kwamba moja ya jamii zenye wagonjwa wengi zaidi kuwahi kupimwa ni Wasahrawi wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu, ambao kati ya watoto wao zaidi ya watano katika mia walikutwa nao.

Dawa ni moja: kutokula gluteni, maisha yote. Nikapewa karatasi yenye orodha. Mkate, chapati, maandazi, tambi, biskuti, keki, sambusa. Orodha nzuri, ila kila kilichoandikwa humo kilikuwa cha kutafuna. Siwalaumu sana walioiandika; walifikiria meza ya chakula. Mimi nilikuwa na meza nyingine, ya chini ya mwembe.

Nafuu ilikuja, na ndiyo iliyonidanganya. Tumbo likatulia, uzito ukapanda hadi kilo 61, nikaanza tena kucheza mpira wa walimu na wanafunzi. Lakini kipimo cha miezi sita kilionyesha kingamwili zimeshuka kidogo tu, bado ziko juu ya mstari, na damu haijafika kumi. Daktari aliuliza kwa simu: kuna ngano inakuponyoka mahali? Nikaapa hakuna. Mke wangu akaapa pamoja nami. Tulikuwa wakweli.

Jibu lilitoka kwa mwanafunzi wa kidato cha pili.

Siku hiyo tulikuwa na somo la kupima vyakula maabara. Mezani kulikuwa na maziwa, ute wa yai, maji ya maharage, maji ya wali. Nilikuwa nimenunua pia chupa ya kinywaji cha kimea kisicho na kileo, kile cha rangi ya dhahabu kinachopendwa na wasiokunywa pombe, ili waone sukari. Ukikichemsha na dawa ya Benedict kinageuka rangi ya tofali mara moja. Msichana mmoja wa meza ya nyuma, bila kuagizwa, akakipima na protini. Akatia sodiamu haidroksaidi, akatikisa, kisha kopa salfeti tone kwa tone. Kwenye testi tyubu ya ute wa yai rangi ilikuwa nzito kama maji ya zambarau zilizoiva. Kwenye ya kwake ilikuwa hafifu, imechafuliwa na manjano ya kinywaji. Akaishika mbele ya karatasi nyeupe, pembeni yake akashika ile ya maji matupu iliyobaki buluu.

"Mwalimu, hii si ni soda? Protini imeingiaje?"

Nikageuza chupa kusoma lebo. Maji, kimea cha shayiri, sukari. Nilisoma mara ya pili. Shayiri. Mwezi mmoja nyuma yake nilikuwa nimesoma mahali kwamba gluteni iko kwenye ngano, shayiri na rai, nikapita juu ya hayo maneno mawili ya mwisho kwa sababu kwangu shayiri ilikuwa nafaka ya kwenye Biblia. Sikuwahi kuiona shambani, Tabora hailimwi. Kumbe nilikuwa nakutana nayo kila Ijumaa.

Kipimo kile cha maabara ya shule hakiwezi kusema protini ni ya aina gani; kinaonyesha kwamba ipo, basi. Lakini kilinitosha kuanza kutafuta, na nimetafuta kwa miaka kadhaa sasa, kwa kusoma na kwa kuwauliza watu wa viwandani wanaopita hapa. Niliyoyapata ni haya.

Bia nyingi tunazouziwa zinaanzia kwenye shayiri, na hapa nchini hulimwa kaskazini, mikoa kama Arusha na Manyara. Punje zinaloweshwa, zinaoteshwa siku chache, zinakaushwa: hicho ndicho kimea. Kazi ya kuotesha ni kuamsha vimeng'enya vya mbegu, ambavyo vitakata wanga kuwa sukari, na protini kuwa vipande. Kisha kimea kinachanganywa na maji ya moto, maji yanachujwa, yanachemshwa na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, yanapozwa, yanatiwa hamira. Katika safari hiyo protini nyingi inapotea. Sehemu kubwa inabaki kwenye machicha wanayolishwa ng'ombe na nguruwe, nyingine inaganda wakati wa kuchemsha na kutuama, kidogo inaliwa na hamira. Ndiyo maana chupa ya bia ina gluteni kidogo kuliko kipande cha mkate, na ndiyo maana mimi nilipata nafuu nusu: niliacha mzigo mkubwa, nikabaki na mdogo wa kila wiki.

Protini inayobaki unaweza kuiona kwa macho. Siku ya mwisho niliyokaa chini ya ule mwembe na glasi ya bia mbele yangu, sikuinywa, niliitazama. Mwenzangu alikuwa amemiminiwa soda wakati uleule. Povu la soda lilipanda likafa kabla hajaweka chupa chini. Povu la bia lilisimama. Liliacha pete nyeupe kwenye kioo kila glasi ilipopungua. Linasimama kwa sababu protini za shayiri, hasa mbili ziitwazo protini Z na LTP1, zimeshikana na uchungu wa hopsi na kujenga ukuta wa kila kipovu. Hizo mbili zenyewe si gluteni. Kuna watu wachache wenye aleji ya kweli ya bia ambao LTP1 ndiyo adui yao, wanavimba midomo na kuwashwa ngozi papo hapo. Huo ni ugonjwa mwingine. Adui wa mwenye siliaki anaitwa hordeini, gluteni ya shayiri, ndugu wa gliadini ya ngano, na yeye haonekani kirahisi hivyo. Mara nyingine anajitokeza bia ikipozwa sana: inaingia ukungu, kwa sababu vipande vya hordeini vinashikana na tanini, kemikali za ukakasi, za maganda ya shayiri na hopsi. Viwanda vinachuja ukungu huo ili bia ing'ae. Basi watu wakiona bia angavu wanadhani ni safi kwao pia. Mng'ao hausemi chochote kuhusu usalama wako.

Hapa napenda kwenda polepole, maana ndipo palipo na mtego.

Hordeini na gliadini zimejaa kiungo kidogo cha kujengea protini, asidi amino iitwayo prolini. Vimeng'enya vya tumbo letu vinashindwa kukata penye prolini. Kwa hiyo mtu yeyote akila gluteni, mwenye siliaki au asiye nayo, vinabaki vipande virefu visivyosagika. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kipande kimoja cha gliadini chenye viungo 33 kinachopita tumboni na utumboni bila kuvunjika. Kwa wengine kinapita zake. Kwangu mimi kinga inakikamata na kupiga mbiu. Na haihitaji kipande kirefu hivyo. Viungo tisa vikiwa vimejipanga kwa mpangilio fulani vinatosha kuamsha askari wa mwili.

Sasa viwanda vina kimeng'enya kinachotoka kwenye kuvu aitwaye Aspergillus niger, ambacho kazi yake ni kukata palepale penye prolini. Kilitengenezwa kwanza kwa ajili ya ule ukungu wa baridi. Baadaye ikaonekana kwamba bia ya shayiri iliyotiwa kimeng'enya hicho ikipimwa gluteni inaonyesha chini ya miligramu 20 kwa kilo, kiwango ambacho kanuni za kimataifa za vyakula, ziitwazo Codex, zinakubali kuitwa chakula kisicho na gluteni. Zikaanza kuuzwa bia za namna hiyo Ulaya na Marekani. Rafiki yangu tuliyesoma naye Tabora, ambaye sasa anaishi Uingereza, alipokuja likizo aliniletea chupa nne, amezifunga kwenye soksi ndani ya sanduku. Furaha yake siwezi kuisahau. "Ndugu yangu, kunywa. Gluteni imeondolewa."

Nilisoma lebo. Shayiri ilikuwa humo, imeandikwa kwa herufi nzito.

Nilimwomba anipe siku mbili. Usiku huo nilikaa nikisoma namna wanavyopima, na nilipoelewa nilipata ubaridi mgongoni. Kipimo kilichozoeleka kwenye vyakula kinafanya kazi kama vibarua wawili wanaobeba gunia. Mmoja anashika sikio la huku, wa pili sikio la kule. Gunia likiwa na masikio mawili linabebeka na linahesabiwa. Sasa kata gunia vipande, kila kipande kibaki na sikio moja. Vibarua wawili hawawezi kukishika pamoja, kwa hiyo kinapita bila kuhesabiwa, ingawa mzigo uko palepale sakafuni. Bia, hata isiyotiwa kimeng'enya, ni ghala la vipande vya namna hiyo, kwa sababu kuotesha na kuchachusha vyote vinakata. Kuna kipimo kingine ambacho kibarua mmoja anatosha, na ndicho kinachopendekezwa kwa vitu vilivyochachuka, lakini nacho kinahitaji kipande kiwe na sikio lilelile analolijua. Watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, walitumia njia tofauti ya kupima uzito wa molekuli zenyewe, na kwenye baadhi ya bia zilizouzwa kama zenye gluteni kidogo wakakuta hordeini bado ipo. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi nyingine huko Marekani iliyotumia damu ya wagonjwa wa siliaki: baadhi yao kingamwili zao ziling'ang'ania mabaki yaliyokuwa kwenye bia iliyoondolewa gluteni, wakati bia iliyotengenezwa kwa nafaka zisizo na gluteni tangu mwanzo haikugusa kingamwili za yeyote.

Haimaanishi kwamba kila mwenye siliaki akinywa bia ile ataumia. Wapo wanaoinywa na vipimo vyao viko sawa. Maana yake ni kwamba namba iliyo kwenye lebo haikuhakikishii unachofikiri inakuhakikishia. Nyoka aliyekatwa vipande, mtu mwenye busara hakanyagi kichwa.

Marekani walilitatua hivi mwaka 2020: kwa kuwa hakuna kipimo cha kuaminika kwa vilivyochachushwa, bidhaa ya namna hiyo ikitaka kuitwa isiyo na gluteni lazima malighafi zake ziwe hazina gluteni kabla ya kuchachushwa. Australia hawaruhusu kabisa jina hilo kwenye kitu cha kimea cha shayiri. Ulaya wanaruhusu ikiwa kipimo kiko chini ya 20. Chupa moja, majina tofauti kwa mpaka uliovuka. Mimi nasimama na hesabu ya malighafi: nauliza nini kiliingia sufuriani, siulizi mashine ilisoma ngapi.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanywaji tunaisahau. Kiwango cha 20 kimewekwa kwa kilo. Chupa ya nusu lita yenye kiwango hicho ina kama miligramu 10. Kwa mtu wa biskuti moja hilo ni dogo, lakini nani chini ya mwembe anakunywa nusu lita akaondoka? Chupa tano ni miligramu 50, na Waitaliano walionyesha mwaka 2007 kwamba miligramu 50 kwa siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuharibu utumbo wa mwenye siliaki. Na huenda usisikie kitu. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mimi nilikuwa nacheza mpira huku damu yangu haifiki kumi.

Chupa nne za rafiki yangu tulimpa shemeji asiye na tatizo. Rafiki alielewa. Alikaa kimya kwanza, kisha akasema afadhali angeniletea viatu.

Nilipoacha bia, kipimo cha miezi sita iliyofuata kilikuwa karibu na mstari, cha mwaka kikawa chini yake. Damu ikapanda hadi kumi na tatu. Sikubadilisha kitu kingine.

Kilichobaki ni lile swali la Ijumaa. Mimi si mlevi, lakini napenda kukaa na watu, na kwetu kukaa bila cha kunywa ni kama kukaa getini. Jibu lilikuwa kwa mama yangu, kijijini Uyui, na ninaona haya kusema nililipita miaka yote hiyo.

Mama alitusomesha kwa pombe. Mtama analoweka, anautandaza kwenye gunia lenye unyevu, anaufunika. Siku ya tatu au ya nne vichipukizi vyeupe vinatoka kama sindano. Anauanika juani mpaka unagongana kama kokoto, anausaga, anapika uji mzito, anaupoza, anaongeza kimea kingine, na mtungi unaanza kunong'ona usiku. Nilipopata mshahara wa kwanza nikaanza kunywa ya chupa, na nilipokwenda kijijini nilibeba yangu kwenye kreti. Hakusema neno. Mwaka ule nilipomweleza kwamba nafaka inayoniumiza inaitwa shayiri, aliniuliza, "Shayiri ndiyo nini, baba? Mimi sijawahi kuitia."

Na kweli hajawahi. Mtama, ulezi, mahindi na uwele vina protini zao, lakini si za ukoo wa ngano, na kinga ya mwenye siliaki haizipigi. Wanzuki ya asali yetu ya Tabora haina nafaka kabisa, mradi mpishi asiwe ameongeza kitu. Mbege ya Kilimanjaro ni ndizi na ulezi. Ila usidanganyike na neno mtama kwenye lebo ya kiwandani: kimea cha mtama kina udhaifu wa baadhi ya vimeng'enya vya kukata wanga, na viwanda vingine huongeza kimea cha shayiri kusaidia. Soma mpaka mwisho wa mstari. Vinywaji vya kimea visivyo na kileo ni shayiri ileile, na wapo wazazi wanaowanunulia watoto wagonjwa wakidhani ni lishe. Pombe za kukenekwa kwa usahihi hazibebi protini, kwa sababu mvuke hauibebi. Lakini gongo la vichochoroni lina hatari zake nyingine za kuua, sizungumzii hilo. Na kwa kuwa Kiswahili chetu kinaita shayiri nafaka mbili, ile ya bia na ile ya uji wa pakiti, oti, uliza ni ipi. Ile ya uji wengi wenye siliaki wanaiweza ikiwa safi, lakini mara nyingi imechanganyika na ngano shambani au kiwandani.

Nikamwambia pia mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Kigoma, aende akapime. Ndugu wa damu wa mgonjwa, karibu mmoja katika kumi huwa nao. Alikuwa hana tumbo baya hata kidogo; alichokuwa nacho ni upungufu wa damu katika kila ujauzito na uchovu ambao kila mtu aliuita uvivu. Aligoma mwaka mzima. Alipopima alikuwa nao. Alilia kwenye simu, na katikati ya kulia akauliza, "Kwa hiyo sikuwa mvivu?"

Mwaka jana mwanaye alipata kipaimara, na mama akaja mjini kupika pombe ili sisi wawili tunywe kama wengine. Tulikwenda naye mashine ya kusaga, kimea kiko kwenye ndoo yenye mfuniko. Mbele yetu mwanamke alikuwa anamaliza kusaga, unga mweupe wenye madoa ya kahawia ukimwagika kwenye mfuko. Kijana wa mashine akanyoosha mkono kupokea ndoo yetu. Mama hakuitoa.

"Umesaga nini hapo, mwanangu?"

"Lishe, bibi."

"Ina ngano?"

Kijana akamtazama mwenye mfuko, mwenye mfuko akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa sijafungua mdomo. Mama akamshukuru, akaweka ngata yake sawa, akajitwisha ndoo, na tukavuka barabara kutafuta mashine nyingine.